Wekundu wa Baiti Tisa

Ukitoka mjini Thika ukashika barabara ya Garissa kuelekea mashariki, ukaziacha nyuma yako dohani za viwanda na zogo la stendi ya matatu, huendi mbali kabla ardhi haijaanza kuteremka na kutandaa, miti mikubwa ikipungua, jua likizidi ukali, na mlima wa Kilimambogo ukijitokeza mbele yako pweke juu ya nchi tambarare. Huko ndiko iliko wadi ya Gatuanyaga, moja katika wadi tano za eneo bunge la Thika Mjini, kaunti ya Kiambu. Nami nimeichagua iwe makazi ya mfano wa sura hii kwa sababu elimu ya tarakilishi imezoeleka kusimuliwa kana kwamba ni milki ya maghorofa ya Nairobi na ya nchi za ng'ambo, ilhali jambo ninalokusudia kulieleza, yaani namna ya kuyatia rangi maandishi ya terminali kwa skripti ya sheli, halihitaji ghorofa wala mashine ya thamani, na mtu aweza kulitenda lote, toka mwanzo hata ukomo wake, akiwa ameketi barazani kwake Gatuanyaga na simu ya kawaida mkononi.

Tuchukulie chama cha akina mama, cha namna ile iliyoenea Kenya nzima, ambacho kila mwanachama wake hutoa shilingi 500 kwa mwezi. Mweka hazina amekuwa akiandika michango katika daftari, na mwanawe, anayesoma katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, amemhamishia hesabu hizo katika faili moja ya maandishi matupu, kila mstari ukiwa na namba ya mwanachama na kiasi alichokwisha kutoa. Ndani ya simu ya mama mna programu iitwayo Termux, iigeuzayo simu ya Android kuwa terminali kamili. Mama huandika amri moja aliyofundishwa, na orodha yote ikashuka, mistari 40 ya weupe juu ya weusi, yote sawasawa, hakuna hata mmoja unaoliita jicho.

"Sasa hapa nitamjua vipi ambaye bado?" mama huuliza. "Macho yanachoka kabla sijafika katikati."

"Ngoja mama, nitakuwekea rangi," kijana hujibu.

Ahadi hiyo ni nyepesi kuitoa, na kuitimiza hakuchukui zaidi ya mstari mmoja wa amri. Lakini kuitimiza kwa adabu, kiasi kwamba orodha isomeke juani na kivulini, kwenye simu ya mama na kwenye simu za wanachama wenziwe, kwa macho makali na kwa macho dhaifu, kunataka mtu aijue asili ya rangi ile na njia ipitayo.

Terminali ni kioo ambacho mtu na mashine hukutana kwa maandishi peke yake: mtu huandika amri, mashine hujibu kwa herufi, na programu iliyo baina yao, izipokeayo amri na kuzifikisha zinakostahili, ndiyo sheli. Skripti ni amri zile zile zilizokwisha kuandikwa katika faili ili zitekelezwe kwa mfuatano bila ya mtu kuzirudia. Sasa, mtu aingiaye katika jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kwamba rangi ni kitu kinachopakwa juu ya neno baada ya neno kuandikwa, kwa kuwa ndivyo alivyozoea katika programu za kuandikia barua, ambamo huteua neno, akabonyeza kitufe, na neno likageuka. Terminali haina kitufe hicho. Ina mkondo mmoja tu wa herufi utokao katika programu na kuishia kiooni, na lolote ambalo kioo kitaambiwa, liwe neno la kusomwa au agizo la kutiiwa, sharti lipite katika mkondo huo huo. Rangi, basi, ni agizo lililotiwa ndani ya matini, likaketi bega kwa bega na maneno yenyewe. Na mwenye kuliandika ana wajibu wa kujua daima ni nani aliye upande wa pili wa mkondo, kama ni kioo kinachofahamu maagizo, au faili isiyofahamu lolote na itakayohifadhi kila kilichopita. Mengine yote ya sura hii yamechipuka katika hilo.

Wazo lenyewe la kumwamrisha msomaji kwa rangi ni la kale, na limekwisha kufika pwani yetu karne nyingi kabla ya umeme. Inasimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali wa Basra, aliyefariki katika mwaka wa 69 wa Hijra, alipohofia kwamba watu wageni katika Kiarabu wangeisoma Qur'ani kwa makosa, aliweka nukta za wino wa rangi nyingine juu, chini na kandoni mwa herufi, ili mwenye kusoma ajue irabu ipi itamkwe. Wino mweusi ulikuwa neno, na nukta ya rangi ilikuwa maelekezo ya namna ya kulitamka neno. Viwili hivyo vilikaa katika ukurasa mmoja bila ya kuchanganyika, kwa sababu rangi ilivitenga. Na huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambako katika karne ya 18 na ya 19 kulikuwa na mafundi waliosifika kwa kunakili misahafu, kalamu zilichovywa katika wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na wino ule mwekundu na wa manjano haukuwa pambo tu, maana jicho la mwenye kusoma liliongozwa nao. Nayataja haya kwa sababu naona ni dhuluma kwa vijana wetu kuambiwa kwamba fikra hii imetoka mbali nao.

Taipureta nazo, zilipokuja kujaza afisi za serikali na za mawakili, zilikuwa na utepe uliogawanywa kwa urefu wake, nusu nyeusi na nusu nyekundu, na karani aliyetaka kuandika deni kwa wekundu aliuinua utepe kwa kigingi kidogo. Mashine za simu ya maandishi, zilizopokea herufi kwa waya na kuzichapa kwenye karatasi, zilihitaji kuinua utepe bila ya karani kuwapo. Kwa hiyo zikatengewa alama mbili zisizochapwa, moja ya kuugeuza utepe na nyingine ya kuurudisha. Alama hizo zimo hata leo katika jedwali la ASCII, lile linaloipa kila herufi namba yake, zikiwa namba 14 na namba 15. Jedwali hilo lilitangazwa Marekani mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru wake, na ndani yake mlikuwa na alama nyingine iliyopiganiwa sana na Bob Bemer wa kampuni ya IBM, nayo leo ni namba 27, ambayo maana yake kwa mashine ni hii: yafuatayo usiyachape, yatii.

Alama hiyo ya 27 ndiyo mlango wa rangi zetu zote. Katika miaka ya 1970, vioo vilipochukua mahali pa karatasi, kila mwenye kuunda terminali alijitungia maagizo yake ya baada ya 27, hata programu iliyoandikwa kwa ajili ya kioo cha kampuni moja ikawa hoi mbele ya kioo cha nyingine. Mwaka 1976 jumuiya ya waunda mashine wa Ulaya ikatoa kanuni iitwayo ECMA-48. Wamarekani wakatoa ya kwao, ANSI X3.64, mwaka 1979. Na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1978, kampuni ya Digital ikauza terminali yake ya VT100, iliyofuata mwenendo huo huo na kupendwa hata wengine wote wakalazimika kuiiga. VT100 yenyewe haikuwa na rangi. Ilijua kukoza herufi, kupiga mstari chini yake, kuifanya imetemete na kugeuza weusi kuwa weupe. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa, na vioo vyenye rangi vilipokuja vilipita humo humo. Termux katika simu ya mama wa Gatuanyaga inazungumza, kwa sehemu kubwa, lugha ya VT100.

Na tuitazame sasa lugha hiyo kwa karibu. Andika mstari huu katika terminali:

printf '\033[31mBADO\033[0m\n'

Neno BADO litatokea jekundu. Hizo tarakimu 033 ni ile 27 iliyoandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane, maana nane mara tatu ni 24, na tatu zaidi ni 27. Inafuata mabano ya mraba, kisha 31 ambayo ni namba ya wekundu, kisha herufi m inayofunga agizo. Hesabu: alama ya 27 ni baiti moja, bano ni moja, 3 ni moja, 1 ni moja, na m ni moja, jumla tano. Agizo la pili, lenye 0 mahali pa 31, ni baiti nne, na kazi yake ni kukirudisha kioo katika hali yake ya asili. Kwa hiyo neno BADO limechukua baiti nne na wekundu wake umechukua tisa. Asiyeliandika lile agizo la pili atashangaa kuona kwamba kila kitu kitakachofuata, hata amri atakazoandika mwenyewe baadaye, vyote ni vyekundu, kwa kuwa kioo hakijui neno limeishia wapi; kinajua agizo la mwisho kililopewa, na hilo kitalishika hata kipewe jingine. Mwenye kufikwa na hali hiyo aandike reset, na kioo kitatengenea.

Nimetumia printf makusudi, wala sikutumia echo ambayo ndiyo wengi huianza nayo, kwa sababu echo haina tabia moja: katika sheli ya Bash huhitaji kuambiwa echo -e ili iyafahamu maagizo haya, na katika sheli nyingine ile -e yenyewe huchapwa kiooni kama neno. Sheli iitwayo kwa jina la sh ndani ya Termux ni ya hizo nyingine.

Namba za rangi nane za asili zina mpango ambao wanafunzi hukariri kwa taabu pasipo kuambiwa siri yake, na siri yake ni hesabu ya kujumlisha. Kioo huunda kila rangi kwa taa tatu, nyekundu, kijani na buluu. Nyekundu imepewa thamani ya 1, kijani 2, na buluu 4. Hakuna taa iwakayo, una 0, nayo ni nyeusi. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, 1 na 2, unapata 3, nayo ni manjano. Nyekundu na buluu, 1 na 4, hutoa 5, ambayo ni urujuani. Kijani na buluu, 2 na 4, hutoa 6, samawati. Zote tatu zikiwaka una 7, weupe. Ongeza 30 na utakuwa umepata rangi ya herufi. Ongeza 40 na utakuwa umepata rangi ya uwanja ulio nyuma ya herufi. Ongeza 90 na utapata rangi ya herufi iliyokolezwa mwanga. Mtu akishalifahamu hili hahitaji tena jedwali ukutani, kwa maana akitaka samawati hujiambia kijani na buluu, mbili na nne, 36.

Jambo lisilodhihirika upesi ni kwamba rangi yenyewe haisafiri. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na tangu hapo kijana wa Gatuanyaga aweza kuingia kwa njia ya terminali katika mashine iliyo Frankfurt na kuiendesha kana kwamba iko chumbani mwake. Mashine ile ikimwambia kwamba jambo fulani limeharibika na kuliandika kwa wekundu, hakuna wekundu wowote upitao chini ya bahari. Hupita namba 27, bano, 3, 1 na m, na ni simu yake mwenyewe, hapa nyumbani, inayoamua namba 31 iwe na sura gani. Simu moja itatoa wekundu wa damu, nyingine wekundu wa matofali. Mwandishi wa skripti huomba rangi kwa namba, na mwenye kioo ndiye aitoaye. Ugavi huo wa madaraka naupenda, maana unampa msomaji, ambaye ndiye anayejua macho yake na mwanga wa mahali alipo, neno la mwisho juu ya atakachokiona.

Sasa turejee kwa faili. Kijana ameandika skripti yenye zile baiti tisa, mama ameridhika, na siku ya mkutano anaombwa orodha ipelekwe kwa wanachama wote kwa WhatsApp. Anaiendesha skripti tena na kuyamimina majibu katika faili kwa alama ya >, kisha anaituma. Faili haina macho. Yale maagizo yaliyokuwa yakitiiwa na kioo, sasa yameandikwa ndani yake pamoja na maneno, na kila asomaye hukuta mabaki yasiyofahamika, [31m mwanzoni mwa mstari na [0m mwishoni. Ukiifungua faili hiyo kwa cat -v utaziona alama zenyewe waziwazi, ^[[31m, kila mahali. Na si wanadamu tu watakaotatizika, kwani programu itakayotafuta mistari inayoanza na namba 07 haitaupata mstari wa mwanachama wa 07 aliyepakwa wekundu, kwa sababu mstari ule kwa hakika hauanzi na 0 tena, unaanza na alama ya 27.

Dawa yake ni kwamba skripti iulize kabla ya kusema. Sheli ina swali fupi la kazi hiyo, [ -t 1 ], ambalo maana yake ni: je, mkondo namba 1, ule wa majibu, unaishia kwenye terminali? Ikiwa jibu ni ndiyo, rangi zitolewe. Ikiwa ni la, majina ya rangi yabaki matupu na matini yatoke safi. Ndivyo zifanyavyo amri kubwa kubwa zilizotungwa na mafundi; ls ikiambiwa --color=auto hupaka folda buluu na programu kijani pale tu inapojua kwamba kuna kioo mbele yake. Na tangu mwaka 2017 kumekuwa na mapatano ya hiari miongoni mwa watunzi wa programu kwamba mtu akiweka neno NO_COLOR katika mazingira ya sheli yake, likiwa na thamani yoyote, programu zisimpakie rangi hata mbele ya kioo. Wapo wasomao kwa mashine za kutamka maandishi, wapo wachokao na rangi, na wapo wasiozipenda tu. Na kila mmoja wao ana haki ya kuheshimiwa.

Fauka ya hayo, si terminali zote zitumiazo namba zile zile, ijapokuwa siku hizi zilizo nyingi hufanana. Tangu zama za Bill Joy huko Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1970, pamewekwa kamusi ya tabia za terminali, na amri ya tput huisoma kamusi hiyo kwa niaba yako: unaomba setaf 1, wekundu wa herufi, nayo inakupa agizo lifaalo kwa kioo ulicho nacho. Katika Termux tput huja kwa kifurushi cha ncurses-utils. Skripti ya chama, basi, iwe hivi:

#!/bin/sh
nyekundu='' manjano='' kawaida=''
if [ -t 1 ] && [ -z "$NO_COLOR" ]; then
    nyekundu=$(tput setaf 1)
    manjano=$(tput setaf 3)
    kawaida=$(tput sgr0)
fi

while read -r namba kiasi; do
    if [ "$kiasi" -eq 0 ]; then
        rangi=$nyekundu hali=BADO
    elif [ "$kiasi" -lt 500 ]; then
        rangi=$manjano hali=SEHEMU
    else
        rangi='' hali=TAYARI
    fi
    printf '%s%-6s %6s  %s%s\n' "$rangi" "$namba" "$kiasi" "$hali" "$kawaida"
done < michango.txt

Msomaji atazame mahali rangi ilipowekwa: nje ya namba na kiasi, mwanzoni kabisa mwa mstari, na kuondolewa mwishoni kabisa. Laiti tungeipachika ndani ya namba yenyewe kisha tukaamuru namba ipewe nafasi sita kwa %-6s, printf ingelizihesabu baiti za agizo kuwa ni herufi, ikadhani nafasi imekwisha jaa, na safu za hesabu zingelikwenda upande kila penye rangi. Kosa hili ni la kawaida mno katika skripti za wanafunzi, na huwatesa kwa kuwa macho hayaoni kinachosukuma safu.

Atazame pia kwamba waliokwisha timiza hawakupewa rangi. Vijana hupenda kuwapaka kijani, na hoja yao ni kwamba kijani ni heri. Mimi naona kwamba mama aliuliza nani bado, wala hakuuliza nani amelipa. Na katika orodha ambayo kila mstari una rangi, jicho hurudi katika hali ile ile ya kutojua liende wapi. Rangi ina nguvu kwa uchache wake. Na kuhusu wekundu nina neno la ziada, kwa kuwa orodha ya chama ni orodha ya watu, na mtu ambaye hajalipa mwezi huu huenda ana mgonjwa nyumbani au mvua imemnyima mahindi. Mweka hazina anaihitaji rangi hiyo ili ajue nani wa kumtembelea na kumuuliza hali. Orodha isomwayo mbele ya wote haiihitaji, na ni jambo jema kwamba swali la -t 1, lililowekwa kwa ajili ya usafi wa faili, linawaepusha wadaiwa na wekundu huo pia wakati orodha itumwapo.

Lipo suala la macho. Mwaka 1794 John Dalton, mwanasayansi wa Manchester, alieleza kwamba yeye hakuziona rangi kama wenzake walivyoziona, na elimu ya baadaye ikathibitisha kwamba ugumu wa kutenga nyekundu na kijani hurithiwa, na huwapata wanaume zaidi ya wanawake kwa kuwa umo katika kromosomu ya X. Mtu mwenye ugumu huo akikabidhiwa orodha ambayo deni ni jekundu na malipo ni ya kijani, pasipo neno lolote kando yake, amekabidhiwa orodha tupu. Ndiyo maana skripti yetu huandika BADO, SEHEMU na TAYARI kwa herufi, na rangi huja nyuma ya neno kulitilia nguvu.

Na lipo suala la jua, ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za mawingu hulipita, lakini katika bara la Gatuanyaga saa saba za mchana haliwezi kupitwa. Taa tatu za kioo hazilingani kwa mwangaza: kwa kanuni ya televisheni za kisasa, kijani hubeba takriban asilimia 72 ya mwanga wote tuuonao, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 tu. Kwa hiyo buluu safi juu ya weusi, namba 34, ina mwanga haba mno, na juani hupotea kabisa. Ndiyo hiyo ambayo ls huitumia kwa folda, na ndiyo ambayo watu hulalamika kwamba hawaioni. Kinyume chake ni manjano: kijani na nyekundu zikijumlishwa hufikia asilimia 93, karibu sawa na weupe wenyewe, kwa hiyo juu ya weusi humeremeta, lakini kwa mtu aliyekigeuza kioo chake kuwa cheupe hutoweka. Mwandishi wa skripti hajui mama ana uwanja wa rangi gani. Asiyejua asitegemee buluu iliyofifia wala manjano peke yake kufikisha jambo la lazima.

Kuhusu rangi nyingi zaidi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hazina faida kubwa katika kazi yetu. Agizo la 38;5 likifuatwa na namba hutoa moja katika rangi 256, ambazo 16 ni zile za asili na zilizokolezwa, 216 ni mchanganyiko wa taa tatu kwa viwango sita sita, na 24 ni daraja za kijivu. Agizo la 38;2 likifuatwa na namba tatu hutoa rangi yoyote katika milioni 16 na zaidi. Lakini uombapo rangi kwa namna hii umemnyang'anya mwenye kioo idhini yake ya kuchagua, kwani namba 31 aweza kuirekebisha ilingane na macho yake, na rangi iliyotajwa kwa vipimo vyake kamili hawezi.

Kabla ya kumkabidhi mama skripti, kijana aijaribu. Aiendeshe kiooni aone rangi mbili na safu zilizonyooka. Aimimine katika faili, sh chama.sh > orodha.txt, kisha aitazame kwa cat -v, na akikuta ^[ hata moja arudi kwenye lile swali la -t 1. Aiendeshe kwa NO_COLOR=1 sh chama.sh ahakikishe kwamba maneno peke yake yanatosha. Kisha atoke nje na mama yake wakati wa adhuhuri, ampe simu, na amwombe ahesabu mistari yenye BADO. Na iwapo mama atahangaika kutafuta kivuli ili aione, basi abadili setaf 1 iwe setaf 9, ambao ni wekundu uliokolezwa mwanga, na amwombe ahesabu tena.